Wajibu Juu ya Kitu Kizima: Mkanda wa Taimingi na Swali la Tawakali

Wajibu mwingi unaohusu mali hujitokeza baada ya dalili: paa huvuja, ndipo mwenye nyumba akapata la kufanya, breki hulia, ndipo dereva akaambiwa aende gereji. Upo hata hivyo wajibu wa aina nyingine, ambao haungoji dalili kwa sababu kitu unachokihusu hakina desturi ya kuitoa, na mfano wake ulio wazi hupatikana katika injini ya gari dogo la familia, nyuma ya kifuniko cha plastiki ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona kikifunguliwa. Huko ndiko uliko mkanda wa taimingi, ambao mtengenezaji hutaka ubadilishwe baada ya umbali au miaka aliyoitaja, ingawa siku ya kubadilishwa huwa, kwa kadiri jicho linavyoweza kuamua, ni mzima. Swali linalochunguzwa hapa ni la kifalsafa na la kidini kwa pamoja: mtu huwajibikaje kwa kitu kisicho na kasoro inayoonekana, na je, yule anayekiacha huku akisema kwamba amemwachia Mungu, amemtegemea Mungu kweli au ametegemea kitu kingine?

Ili swali hilo lieleweke, sharti kazi ya mkanda ielezwe kwanza. Injini ya mapigo manne huwa na mhimili wa chini uitwao krankshafti, unaozungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka, na mhimili wa juu uitwao kamshafti, ambao vinundu vyake hufungua na kufunga valvu, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Krankshafti ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1, wala si kwa kukadiria bali kamili, na kinachoshikilia uwiano huo katika magari mengi ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani na nyuzi za kioo zilizofichwa katikati yake. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa namna hii lilikuwa Glas 1004, lililotoka Dingolfing huko Bavaria, Ujerumani, mwaka 1962. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya cheni ya chuma au ya gia. Mkanda ulipata soko kwa kuwa ni mwepesi, ni wa bei nafuu na hauna kelele, na sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito katika mjadala huu, kwa sababu cheni inayolegea mara nyingi hugonga na kumwonya mwenye gari, ilhali mkanda hukatika bila kumwambia mtu.

Mpira huzeeka kwa joto, kwa oili inayovuja kutoka kwenye sili iliyochoka, na kwa kupita kwa miaka tu, hata kama gari limeegeshwa uani na halitembei; ndiyo maana vitabu vya magari mengi hutaja kikomo cha kilomita na kikomo cha miaka kwa pamoja, na kuagiza kifuatwe kile kitakachotangulia. Kwa injini za Toyota za 4A-FE na 5A-FE, zilizofungwa katika Corolla na Carina nyingi zilizoletwa kutoka Japani na kujaa katika barabara za Dar es Salaam na Nairobi, mafundi hushika kilomita 100,000. Kizazi kilichofuata, ambacho Vitz ni mfano wake, kilirudi kwenye cheni, na pengine ndiyo sababu baadhi ya madereva wa leo husikia habari za mkanda kama habari za wazee. Mkanda haujaondoka hata hivyo: Subaru nyingi za zamani, Honda Civic za zamani na magari mengi ya Ulaya bado huutumia.

Sasa nambari yenyewe, hizo kilomita 100,000, ni elimu ya namna gani? Si elimu juu ya mkanda fulani uliomo katika gari fulani, kwa maana hakuna aliyeuona. Ni elimu juu ya kundi: mikanda mingi ya aina moja huendeshwa mpaka ikatike, umri wa kila mmoja huandikwa, kisha huchaguliwa kiwango ambacho ni mikanda michache mno iliyokufa kabla ya kukifikia. Hesabu ya kazi hii ilipata umbo lake mashuhuri kwa mhandisi wa Uswidi, Waloddi Weibull, katika makala aliyoichapisha mwaka 1951, na jambo moja ndani ya hesabu hiyo linastahili kuzingatiwa na mwanafalsafa kuliko mhandisi. Hesabu hiyo huonyesha kwamba madhara hayana tabia moja. Yako madhara yasiyo na umri, ambayo uwezekano wake kesho ni uleule wa jana hata kitu kiwe kimetumika kwa muda gani, kama jiwe linalorushwa na lori na kuvunja kioo cha mbele. Na yako madhara yenye umri, ambayo uwezekano wake hukua kadiri kitu kinavyotumika. Kubadilisha kitu mapema huleta faida katika aina ya pili peke yake. Mwenye gari anayebadilisha kioo kizima kila baada ya miaka 5 kwa kuogopa mawe hajajikinga na chochote.

Aina ya pili, tena, si kubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la ndege la United, waliandika ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ambamo walieleza kwamba katika vifaa vya ndege walivyovichunguza, asilimia 89 havikunufaika kwa kuwekewa kikomo cha umri. Ripoti hiyo ilitikisa imani ya siku nyingi kwamba kila kitu hutengenezwa vizuri zaidi kikitengenezwa kabla ya wakati, na ingefaa isomwe na kila fundi anayemshauri mteja abadilishe nusu ya injini kwa sababu tu gari ni la zamani. Mkanda wa mpira umo katika ile sehemu ndogo iliyobaki, ambayo umri wake una maana.

Hapo ndipo methali inayosemwa kando ya kila gari lililozimika barabarani, kwamba ajali haina kinga, inapohitaji kupimwa. Methali hiyo si uongo, na anayeidharau hajawahi kuona mti ukiangukia gari lililosimama. Kosa ni kuipeleka mahali pasipo pake. Ni kweli tupu kwa madhara yasiyo na umri, na ni udhuru mtupu kwa madhara yenye umri, na lugha ya mazungumzo haitofautishi mawili hayo kwa kuwa, yakishatokea, yote huja kwa ghafla ileile. Mkanda uliokatika kwa kupitiliza kilomita 60,000 na jiwe lililoruka huacha nyuma yao sura moja: gari kando ya barabara, boneti imefunguliwa, watu wamesimama. Ghafla ya tukio humfanya mtu aamini kwamba na sababu yake ilikuwa ya ghafla.

Katika fikra za Kiislamu mjadala huu una jina lake, tawakali, yaani kumtegemea Mungu na kumwachia matokeo. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu mtu aliyeuliza kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee, naye akaelekezwa kumfunga kwanza, inajulikana kiasi kwamba hutajwa kila mahali bila kufikiriwa. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingia ndani zaidi katika kitabu cha tauhidi na tawakali kilichomo katika Ihya Ulum al-Din, akazigawa sababu, yaani njia ambazo kwazo mambo hupatikana au huepukwa, katika daraja tatu. Iko sababu ya yakini, na kuiacha, kama mtu mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyosha mkono kwa madai kwamba anamtegemea Mungu, si tawakali bali ni wazimu. Iko sababu ya dhana yenye nguvu, ambayo haifiki yakini lakini mambo huenda hivyo kwa kawaida, kama msafiri kuchukua masurufu anapoingia jangwani. Kuishika hakupunguzi tawakali. Na iko sababu ya kuwazia tu, ambayo kuishughulikia kupita kiasi ndiko kunakoharibu tegemeo la moyo.

Mpangilio huo, uliotungwa zaidi ya karne 8 kabla ya Weibull, huingia katika jambo la mkanda pasipo kulazimishwa. Kubadilisha mkanda uliofikia kikomo ni sababu ya daraja la pili. Kubadilisha mkanda wenye kilomita 20,000 kwa wasiwasi, kila mara gari likitoa mlio usioeleweka, huelekea daraja la tatu. Al-Ghazali huyohuyo, katika Tahafut al-Falasifa, alikana kwamba kati ya moto na kuungua kwa pamba pana ulazima wa kiakili, akaona kwamba Mungu ndiye aumbaye kuungua kila moto unapogusa. Msomaji wa haraka angetarajia kwamba mtu wa namna hiyo angezipuuza sababu. Hakuzipuuza, kwa kuwa desturi ambayo Mungu ameipitisha katika viumbe vyake ni kitu cha kuheshimiwa hata na asiyekubali kwamba desturi hiyo ina nguvu ya peke yake. Mpira huchakaa kwa desturi hiyo, na mwenye kuipuuza hawezi kudai kwamba anamheshimu aliyeipitisha.

Upo hata hivyo ugumu ambao mifano ya al-Ghazali peke yake haiutatui. Anapoeleza madhara ambayo mtu hana ruhusa ya kuyakabili kwa jina la tawakali, anataja kulala katika mkondo wa mafuriko, katika nchi ya simba, na chini ya ukuta ulioinama. Yote hayo huonekana: ukuta umeinama, na apitaye anauona. Mkanda hauinami. Mwenye gari angeweza kujitetea kwamba hatari asiyoiona si hatari aliyoikabili kwa makusudi, na utetezi huo ungekuwa na nguvu kama kusingekuwa na kikomo. Kikomo kilichoandikwa katika kitabu cha gari ndicho kinachouondoa, kwa sababu ndicho mwinamo wenyewe: hugeuza kisichoonekana kwa jicho kuwa kitu kinachosomeka kwenye dashibodi. Katika Toyota za dizeli, kama Land Cruiser na Hilux za miaka ya nyuma, ambazo si magari madogo ya familia lakini zinafaa kutajwa, watengenezaji waliweka hata taa yenye herufi za T-BELT, inayowaka odometa ikifika kilomita 100,000. Taa hiyo haijui chochote kuhusu mkanda; inahesabu tu. Na fundi huweza kuizima bila kuugusa mkanda, jambo ambalo hufanyika.

Mapokeo ya Kikristo yalifika mahali hapohapo kwa njia ya dhambi ya kumjaribu Mungu. Thomas Aquinas, akiizungumzia katika Summa Theologiae, anaona kwamba mtu humjaribu Mungu anapojiingiza hatarini bila haja wala faida, huku akiacha msaada uliomo katika uwezo wake, ili aone kama Mungu atamwokoa. Abiria anayesali kabla ya basi kuondoka hamjaribu Mungu. Mwenye basi anayejua kwamba mkanda umepitiliza, akaitegemea sala ya abiria, yuko karibu zaidi na dhambi hiyo.

Katika falsafa ya Uingereza karne ya 19, W. K. Clifford aliandika mwaka 1877 insha juu ya maadili ya kuamini, na mfano wake wa kwanza unaweza kusomwa kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya gereji. Mwenye meli kuukuu alikuwa na shaka kwamba meli yake inahitaji matengenezo makubwa. Matengenezo ni ghali. Akajituliza kwa kukumbuka safari nyingi ambazo meli ilirudi salama na kwa kutegemea ulinzi wa Mungu juu ya wahamiaji waliomo, mpaka akaamini kwa moyo mweupe kwamba meli ni salama. Ilizama. Clifford anamhukumu, na jambo zito ni kwamba anamhukumu vilevile hata kama meli ingefika, kwa sababu kosa halikuwa katika kuzama bali katika namna imani yake ilivyopatikana: hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Safari zilizorudi salama, katika jambo la madhara yenye umri, si ushahidi wa usalama. Kila safari iliyopita ni sababu moja zaidi ya kuogopa ijayo, na dereva anayesema kwamba gari halijawahi kumsumbua ametaja, bila kujua, hoja dhidi yake mwenyewe.

Hukumu ya Clifford hata hivyo hupata mtihani ndani ya injini yenyewe. Injini ni za namna mbili. Katika namna ya kwanza, pistoni ikiwa juu na valvu ikiwa wazi haziwezi kukutana, kwa hiyo mkanda ukikatika injini huzima tu. Gari huvutwa, mkanda mpya hufungwa, safari huendelea. Corolla za 4A-FE na 5A-FE ni za namna hiyo. Katika namna ya pili, nafasi ni moja na hutumiwa kwa zamu, kwa hiyo kamshafti ikisimama pistoni hupiga valvu, valvu hupinda, na mafundi husema injini imekufa. Honda Civic nyingi za injini za aina ya D, na karibu dizeli zote, ni za namna hii. Madereva wawili waliopitiliza kikomo kwa kilomita zilezile, kwa uvivu uleule, hupata malipo tofauti kabisa kwa sababu ya uamuzi wa mchoraji wa injini ambaye hawakumjua. Thomas Nagel alilijadili jambo hili mwaka 1976 chini ya jina la bahati ya kimaadili, akatumia mfano wa dereva asiyepeleka breki zake kukaguliwa: kama mtoto hakukatiza barabara, dereva huyo hujilaumu kidogo tu, kama alikatiza, hujilaumu maisha yake yote, ingawa uzembe ni mmoja. Lililo sahihi, kwa maoni ya insha hii, ni kutenganisha lawama na fidia. Lawama ya madereva wawili ni sawa, na Clifford yuko sahihi. Gharama inayowaangukia si sawa, wala dunia haikuahidi kwamba ingekuwa sawa. Na pale injini inapozimika katikati ya mlima Kitonga lori likifuata nyuma, huku usukani ukiwa mzito na breki zikipoteza nguvu baada ya kukanyagwa mara chache, hata ile injini isiyopinda valvu haimwokoi mtu.

Kuna pingamizi la ubadhirifu, na si dogo kama linavyochukuliwa. Fundi hutoa mkanda wa zamani, humpa mwenye gari aushike, naye, akiuona mzima, ana haki ya kuuliza kwa nini ametupa kilicho kizima pamoja na tenshena inayoukaza na, mara nyingi, pampu ya maji. Dini zote mbili zinalaani kupoteza mali. Jibu ni kwamba mkanda uliotolewa ukiwa mzima ndio ushahidi kwamba kikomo kimefanya kazi yake. Kikomo kinachokuta mikanda imekatika kingekuwa kimechelewa. Maskini, kwa upande wake, hajibiwi kwa hoja hiyo. Asiye na fedha za mkanda leo hakalifishwi zaidi ya uwezo wake, lakini wajibu wake haufutiki bali hubadilika sura: kutobeba watu wa watu, kutoingia barabara kuu, kuendesha karibu na nyumbani mpaka fedha zipatikane. Anayeshindwa kununua mkanda na bado akaendesha teksi ya abiria hadi Morogoro hawezi kujikinga kwa umaskini.

Nambari nayo inaweza kukosea. Injini ya PureTech ya lita 1.2, iliyofungwa katika Peugeot 208 na Citroën C3, ina mkanda unaozunguka ndani ya oili, na kikomo chake kilichokuwa cha miaka 10 kiliteremshwa hadi miaka 6 au kilomita 100,000 baada ya kudhihirika kwamba oili iliyochanganyika na petroli huula mpira, na chembe zake huziba njia ya oili. Mwaka 2024 kampuni ya Stellantis iliongeza dhamana ya injini hizo Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Mwenye gari aliyefuata kikomo cha kwanza na mkanda wake ukafa mwaka wa 8 hana lawama, kama asivyo na lawama mtu wa kawaida aliyemfuata mwanachuoni aliyekosea katika juhudi yake. Wanafikihi huita kufuata huko taqlidi, na mzigo hubaki kwa mtoa hukumu, ambaye hulazimika kuitangaza mpya mara anapoijua.

Linalobaki ni gumu zaidi, nalo ni la sokoni. Magari mengi ya Afrika Mashariki hufika yakiwa yametumika, odometa nyingine zimerudishwa nyuma, na kibandiko ambacho gereji za Japani hubandika kwenye injini kuonyesha kilomita za kubadilishia mkanda huwa kimeng'oka au hakisomeki. Je, muuzaji asiyetaja mkanda ameficha kasoro? Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya mwambao, kasoro inayompa mnunuzi haki ya kurudisha mali ni ile inayopunguza mali au thamani yake kiasi cha kukosesha lengo lililo sahihi, kwa sharti kwamba kwa kawaida haipatikani katika vitu vya jinsi ile; hivyo ndivyo an-Nawawi alivyoiweka katika Minhaj al-Talibin. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosumbua. Katika gari jipya, mkanda uliopitiliza ungekuwa kasoro bila ubishi. Katika yadi ambamo karibu kila gari la mtumba lina mkanda usiojulikana umri wake, hali hiyo ndiyo kawaida ya jinsi ile, na yawezekana isihesabiwe kasoro hata kidogo, ijapokuwa muuzaji anayejua kwa hakika na akaulizwa, kisha akadanganya, ametoka katika suala la kasoro na kuingia katika la uongo. Wala kauli ya kuuza kama lilivyo haimtoshi, kwa kuwa katika madhehebu hiyo kujitoa katika dhima ya kasoro huruhusiwa kwa ufinyu sana, katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji hakuijua, na gari si mnyama. Desturi ya wenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, imejibu kwa upande wake: anayenunua gari la mkanda kutoka bandarini huambiwa aubadilishe kabla hajaanza kuhesabu kilomita zake, hata odometa iseme nini. Kwa desturi hiyo kutojua kwa wote kumekuwa jambo linalojulikana na wote, na wajibu umehamia kwa yule aliyepokea ufunguo.